Idwal Prosser na Kosa la Kulipwa Hadharani

Jumamosi ya kwanza Idwal Prosser alipokuta noti ya pauni ndani ya kiatu chake cha kushoto, alidhani imeanguka kutoka mfukoni mwa mtu. Alikuwa na miaka ishirini, mchimba makaa, na alikuwa amelelewa vizuri. Akasimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, taulo kiunoni, noti mkononi, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, nani kapoteza pauni?"

Wanaume kumi na wanne wakainama kwa pamoja kufunga kamba za viatu. Wengine walikuwa bado pekupeku.

Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Tudor Bevan, katibu wa klabu ya raga ya Pont-hesg, mwalimu mkuu wa shule ya msingi na shemasi wa kanisa. Aliitazama dari kwa muda mrefu, kana kwamba kuna aya imeandikwa huko.

"Idwal, kijana wangu," akasema, "vaa viatu vyako, utashikwa na baridi."

Ukutani, juu ya kichwa cha Bwana Bevan, ilitundikwa sheria ya mchezo ndani ya fremu ya kioo: raga ya watu kumi na watano ni mchezo wa ridhaa, na atakayepokea malipo yoyote, hata ya sabuni, atafungiwa maisha. Idwal aliisoma tena jioni ile akiwa na kiatu kilichombana kidogo upande wa kushoto. Baadaye alizoea. Wakishinda zilikuwa noti mbili, wakishindwa moja. Siku alipovuka mstari wa wapinzani na kuweka mpira chini mara tatu, yaani trai tatu, dhidi ya kijiji jirani, ilibidi atembee akichechemea hadi nyumbani.

Wakati ule, katika mabonde ya kusini mwa Welisi, jambo moja liliogopwa kuliko mgodi kuporomoka. Nalo ni watu wa kaskazini ya Uingereza, wanaocheza ile raga nyingine, ya watu kumi na watatu, ambayo wachezaji wake hulipwa mchana kweupe na kutia saini. Wapelelezi wao walikuwa wakija mabondeni kutafuta vijana wenye mbio. Wakigundulika hutupwa mtoni. Bwana Bevan mwenyewe, pamoja na ushemasi wake, alikuwa amewahi kushika miguu ya mmoja.

Kwa hiyo Horace Tinsley wa klabu ya Hadderton alipofika Pont-hesg, vuli ya mwaka 1958, alikuja na mkoba wa wakala wa bima. Haukuwa uongo mtupu. Siku za kazi Tinsley aliuza bima kweli, na raga ilikuwa kazi yake ya pili. Aliketi jikoni kwa kina Prosser, akanywa vikombe viwili vya chai, akaeleza manufaa ya bima ya mazishi kwa robo saa nzima. Mzee Ifor, baba yake Idwal, alikuwa kando ya moto na kifua chake kilichojaa vumbi la makaa, akisikiliza kama mtu anayehusika.

Mama Gwladys alimwacha mgeni amalize. Kisha akasema, "Bwana Tinsley, hiyo bima ni ya mtu kuzikwa au ya mtu kucheza mpira?"

Tinsley akaweka kikombe chini. Akatazama dirishani, upande wa mtoni.

"Usiogope," Mama Gwladys akamwambia. "Pazia nimeshalishusha. Sema bei."

Tinsley akaitaja. Zilikuwa fedha za kuinunua ile nyumba waliyokuwa wakiipanga, na ya jirani pia, ambaye walikuwa hawaelewani. Idwal alihisi masikio yanawaka moto. Mama yake hakupepesa jicho.

"Na kazi? Mpira una misimu."

"Kazi ipo, mama. Mwenyekiti wetu, Bwana Seddon, ana kiwanda cha pai za nyama."

"Kanisa lipo?"

"Hadderton ina makanisa kumi na moja."

"La Kiwelisi?"

Tinsley alikuwa mtu mkweli, ndiyo maana bima zake zilinunuliwa. "Lilikuwepo, mama. Sasa ni ghala la mazulia. Ila jengo bado lina heshima yake."

Mama Gwladys alifikiri juu ya mazulia kwa muda. Kisha akamgeukia mwanawe, akiwa mtu wa kwanza kumuuliza chochote jioni ile. "Wewe unasemaje?"

Idwal alitaka kusema kwamba hajui. Alitaka kusema kwamba anampenda baba yake, na mlima ule, na kelele za watu wa Pont-hesg anapopata mpira. Lakini kila alfajiri alikuwa akisikia kikohozi cha mzee Ifor kupitia ukutani, na mgodi uliompa mzee kikohozi kile ndio huohuo aliokuwa akiingia yeye.

"Kalamu iko wapi?" akauliza.

Akatia saini. Mama Gwladys naye akatia saini ile ya bima ya mazishi, kwa kuwa mkoba ulikuwa umeshafunguliwa.

Bwana Bevan alifika asubuhi iliyofuata kabla uji haujaiva. Hakuketi. Alikuja kuchukua tai ya klabu, na alikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa. Idwal Prosser hatacheza tena mchezo huu popote duniani, hatafundisha, wala hatakanyaga ndani ya jengo la klabu. Jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye ubao wa heshima. Rangi ilikuwa haijakauka, na kidole cha Bwana Bevan kilikuwa bado kina alama yake.

"Umejiuza, Idwal," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Nilikufundisha kusoma."

"Na ile iliyokuwa kiatuni, mwalimu?"

Bwana Bevan alimtazama kwa masikitiko, kama mtoto aliyekosea hesabu ya kujumlisha.

"Ile ilikuwa kiatuni," akasema.

Idwal alikwenda kaskazini akiamini kwamba mchezaji wa malipo ni mtu anayelala hadi saa nne. Bwana Walter Seddon alimpokea kituoni Hadderton kwenye mvua, akampapasa mapaja kama anavyofanya mtu anayenunua nyama, maana ndiyo kazi aliyoijua, kisha akamkabidhi aproni.

"Saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Tanuri haliwashwi na mizimu. Mazoezi Jumanne na Alhamisi ukishatoka kazini. Jumamosi nusu siku, saa tisa mchana uwanjani. Una swali?"

"Wachezaji wa malipo wote wanafanya hivi?"

"La. Wengine wako mgodini."

Mechi ya kwanza alipangwa dhidi ya timu ya Yorkshire, na upande wa pili wa uwanja alikuwapo mzee mmoja mnene asiye na meno ya mbele, mchezaji wa umri wa kuwa mjomba wake. Mzee yule akamsalimia kwa adabu.

"Karibu, kijana. Mama yako yuko uwanjani?"

"Hapana."

"Afadhali," mzee akasema. Mpira ulipomfikia Idwal, akaelewa kwa nini ni afadhali.

Alianguka. Akakaa palepale matopeni akingoja kundi la watu limwangukie, kama ilivyo desturi ya raga ya kwao, ambamo mtu akiangushwa hupata nafasi ya kupumua chini ya lundo. Hakuna aliyekuja. Katika mchezo huu aliyeangushwa husimama mara moja, huurudisha mpira nyuma kwa mguu, na kazi inaendelea.

"Amka, mwenzangu," yule mzee asiye na meno akamnong'oneza. "Huku hatulali."

Kutoka jukwaani, kati ya wanawake wa kiwanda cha pamba, ikaja sauti moja kavu iliyosikika hadi upande wa pili: "Mwamsheni huyo Mwelisi, chai yake inapoa." Watu elfu sita wakacheka. Mara ya pili alipoanguka, sauti ileile ikamshauri akajiunge na kwaya. Mara ya tatu ikamshauri hivyohivyo tena, taratibu zaidi, ikidhani huenda Kiingereza chake ni kidogo.

Wiki mbili baadaye alikuwa nyuma ya meza ya kuuzia pai, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani akaagiza pai nne, na Idwal akaijua ile sauti.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikajiunge na kwaya."

"Nilikwambia mara mbili," Edna Haslam akajibu. "Na bado hujaenda. Hizi mbona zimeungua chini?"

Walioana mwaka 1961. Edna hakuwahi kuacha kumpigia kelele kutoka jukwaani. Alisema ndoa ni ndoa na Jumamosi ni Jumamosi.

Na Idwal alijifunza. Alijifunza kuinuka kabla maumivu hayajafika. Alijifunza kuingia kwa bega chini ya mbavu za mtu mzito kuliko yeye na kumrudisha alikotoka. Alicheza misimu kumi na mitatu, mechi mia tatu na hamsini na moja, trai mia moja arobaini na nane. Mfupa wa bega ulivunjika mara mbili. Pua ilivunjika mara nyingi hata Edna akaacha kuuliza imeelekea upande gani. Watu wa Hadderton walimpenda kwa namna yao, yaani walimwambia makosa yake kila asubuhi aliponunua gazeti. Walimwita Mwelisi. Baada ya miaka kumi walimwita Mwelisi Wetu, na hicho kilikuwa cheo.

Mara moja tu katika miaka hiyo yote Hadderton ilifika fainali ya kombe. Idwal alicheza kila mechi ya kufika huko, na nusu fainali aliishinda karibu peke yake. Siku mbili kabla ya fainali, saa kumi na mbili asubuhi, aliteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni kwa Bwana Seddon, akavunjika kifundo cha mguu. Mwenyekiti alilia. Kisha akauliza nani kamwaga mafuta. Alikuwa amemwaga mwenyewe, akionja mchuzi.

Fainali Idwal aliitazama akiwa kando ya uwanja, mguu kwenye plasta. Badala yake alicheza kijana wa akiba aliyekuwa hajacheza hata mechi tano, na kijana yule aliangusha mpira mara tatu, akaudaka wa nne kwa bahati tu, akafunga trai. Hadderton ikashinda. Medali zilikuwa kumi na tatu, kwa wachezaji kumi na watatu. Bwana Seddon, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimletea Idwal nyumbani pai kubwa yenye neno HONGERA kwa unga uliosokotwa juu yake.

"Tule au tuitundike ukutani?" Edna akauliza.

Idwal hakucheka jioni ile. Alikaa na ule mguu juu ya kiti, akamwambia mkewe kwamba medali haimuumi. Kilichomuuma ni kuona wenzake wanakimbia mbele ya watu elfu tisini na yeye hapumui nao. Edna hakusema neno la kejeli. Akamkatia kipande.

Mzee Ifor alifariki Februari mwaka 1964, na bima ya Tinsley ikamzika kwa heshima, na jeneza la mti mzuri kuliko kitanda alichowahi kulalia. Idwal na Edna walikwenda Pont-hesg kwa treni. Kanisani aliimba, kaburini alitupa udongo. Lakini paa la ukumbi wa kanisa lilikuwa linavuja, kwa hiyo chai ya msiba ilikuwa imeandaliwa kwenye jengo la klabu ya raga.

Msafara ulifika mlangoni. Wachimba makaa wakaingia, majirani wakaingia, hata yule jirani ambaye walikuwa hawaelewani akaingia na kuchukua kiti cha mbele. Mtoto wa marehemu akasimama nje, kwenye manyunyu, kofia mkononi. Bwana Bevan alikuwa kizingitini, uso umempauka.

"Idwal," akasema kwa sauti ya chini, "unajua, kama ingekuwa juu yangu..."

"Juu ya nani basi?" Edna akauliza. Akaambiwa kwamba yeye anaweza kuingia. Akasema asante, ana miguu ya kusimamia.

Baada ya kitambo dirisha la pembeni lilifunguliwa. Mkono wa Bwana Bevan ukatokea, na sahani ya nyama ya nguruwe na mkate uliopakwa siagi, kisha kikombe cha chai, kisha kikombe kingine. Sheria ilisema asikanyage ndani. Juu ya madirisha haikusema kitu, na Bwana Bevan alikuwa ameisoma usiku kucha. Kwa hiyo Idwal Prosser alikula chakula cha msiba wa baba yake akiwa amesimama kwenye majani, kiwiko juu ya kizingiti cha dirisha, na watu wa Pont-hesg wakaja mmoja mmoja kumpa pole kutoka upande wa ndani. Walimuuliza pia kama ni kweli Hadderton wamemnunua winga mpya. Walifuatilia matokeo yote.

Kwenye treni Edna alisema, "Watu wako ni vichaa."

"Chai ilikuwa na sukari ya kutosha," Idwal akasema, akageukia kioo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Edna akamshika mkono hadi kituo cha Shrewsbury.

Goti ndilo lililomstaafisha, mwaka 1971. Aliendelea na pai, akawa msimamizi wa zamu, akalea mabinti wawili waliorithi sauti ya mama yao. Mwaka 1990 daktari alimwekea goti la chuma. Jumamosi alisimama jukwaani na Edna na kumwacha yeye aseme.

Kisha, masika ya mwaka 1995, ikaja barua kutoka Pont-hesg. Ilikuwa na mwandiko wa Bwana Bevan, uliokuwa umeanza kutetemeka, kwa kuwa alikuwa na miaka themanini na minne. Timu imeshuka madaraja mawili. Vijana hawajui kuangusha mtu. Je, Idwal angekuja kuwafundisha? Kuna utaratibu mdogo tu: sheria sasa inaruhusu aliyefungiwa kuomba kurudishwa kwenye ridhaa. Fomu ilikuwa ndani ya bahasha.

Idwal aliijaza mezani, miwani puani, Edna akimsomea maswali.

"'Je, mwombaji ana nia ya kucheza tena raga kwa malipo?'" Edna akasoma. Akamtazama mume wake, miaka hamsini na minane, goti la chuma. "Andika: inategemea ofa."

Aliandika hapana. Aliapa kwa maandishi kwamba hatapokea tena fedha, zawadi wala fadhila yoyote kwa ajili ya mchezo huu, siku zote za maisha yake. Edna akatia saini kama shahidi. Fomu ikapostiwa mwezi Juni.

Mwezi Agosti wakubwa wa raga ya watu kumi na watano walikaa kikao, wakatangaza kwamba kuanzia sasa mchezo wao uko wazi, na mchezaji yeyote anaweza kulipwa. Miaka mia moja ya sheria iliondoka kwa alasiri moja.

Mwezi Oktoba jibu la Idwal lilifika. Ombi lilikuwa limepitia ngazi zote na limekubaliwa. Alikuwa sasa mchezaji wa ridhaa mwenye sifa njema.

Walikwenda Pont-hesg mwezi Novemba. Bwana Bevan alimngoja mlangoni, akiegemea fimbo, kifaa cha kusikia sikioni. Idwal alisimama kidogo kabla ya kizingiti. Kisha akaingia, kwa mguu ule mbovu, kwa kuwa ndio uliotangulia.

"Nilifuata sheria, Idwal," mzee akasema, wakiwa bado wameshikana mikono.

"Najua, mwalimu."

"Haikuwa sheria nzuri."

"Ilikuwa na dirisha," Idwal akasema. Mzee akainamisha kichwa. Idwal hakuuachia ule mkono upesi.

Ukumbini walikuwa vijana ishirini na kitu, wenye shingo nene na viatu vipya. Walikuwa wameambiwa watapewa mikataba, na walitaka kujua mambo ya malipo kutoka kwa mtu aliyeyaishi. Kalamu zilikuwa tayari. Idwal akawaeleza namna ya kuweka bega, namna ya kuinuka. Wakaandika kidogo. Mmoja akanyoosha mkono.

"Mzee, wewe ulikuwa na wakala?"

"Nilikuwa na mama."

"Gari je, klabu ilikupa?"

"Ilinipa aproni."

Wakacheka kwa heshima, wakidhani ni mzaha. Idwal akawatazama, na ikamjia kwamba katika ukumbi ule wote, pamoja na Bwana Bevan aliyekuwa akilipwa posho ya urais wa heshima, yeye ndiye mtu pekee aliyeapa kucheza bure.

Kikao kilipokwisha mhazini wa klabu, kijana mwenye tai ya rangi nyingi, alimjia na bahasha.

"Ahsante sana, mzee. Kwa ajili ya safari na usumbufu."

"Siwezi kupokea, mwanangu. Nimeapa. Barua ninayo hapa."

"Lakini sasa ni halali."

"Kwenu ni halali. Mimi ni wa ridhaa."

Mhazini akabaki na bahasha hewani, hajui aipeleke wapi. Edna, aliyekuwa akivaa koti lake, akanyoosha mkono na kuichukua.

"Mimi sikuapa kitu," akasema. "Nilikuwa shahidi tu."

Walisimama njiani, Edna akanunua samaki na chipsi kwa watu wawili, na Idwal akala bila kuuliza maswali.

Majira yale ya baridi alirudi Pont-hesg kila Jumamosi ya pili, saa tano za treni na basi kwenda, saa tano kurudi, kuwafundisha vijana kuangusha watu. Vijana walilipwa kwa kuhudhuria mazoezi. Aliyewafundisha hakulipwa. Walicheza mechi kumi na nane, wakashinda nne, na baada ya ile ya nne walimbeba mabegani kuzunguka uwanja mzima, wakamwangusha karibu na kona.

Akainuka mara moja.